Kuchanja na kupanga kuni familia nzima kwenye joto kali: tuanze vipi?

Baba Wawili

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba mwongozo wa watu wanaoijua kazi hii.

Kuna miti miwili imeshaangushwa na kukatwa pingili za sentimita 40. Mmoja ni mkaratusi. Mwingine jina silijui, ila ni mzito, ndani mwekundu, na umejaa mafundo. Pingili nyembamba zina upana wa sentimita 20 hivi, nene zinafika 50. Nakadiria zikichanjwa na kupangwa zitatoa kama mita 3 za ujazo. Nguvu kazi ni ya nyumbani: watu wazima wawili, bibi yao watoto, kijana wa miaka 14 na binti wa miaka 9. Vifaa ni shoka moja la kukatia, nyundo ya kilo 4 na msumeno wa mkono.

Tatizo ni jua. Mchana joto linapita nyuzi 34. Je, tusubiri lipungue ndipo tuchanje, au tuchanje sasa zipate kukauka? Watoto washiriki kwa kiasi gani? Na rundo lipangweje lisivunde wala kuliwa na mchwa?

Shoka Butu

Chanjeni sasa, msisubiri. Mkaratusi ukiwa mbichi unapasuka vizuri, lakini ukikaukia kwenye pingili nyuzi zake hukaza na shoka linadunda kama umepiga mpira. Halafu gome ni koti la mvua lililovaliwa kinyumenyume: linazuia maji ya ndani yasitoke. Kwenye pingili nzima maji hutokea vichwani tu, maana husafiri kufuata urefu wa nyuzi mara 10 hadi 15 upesi kuliko kukatisha nyuzi. Ndiyo sababu urefu wa sentimita 40 ni mzuri, na 30 ungekuwa mzuri zaidi. Pingili isiyochanjwa inaweza kukaa juani miezi na miezi, ukaitia motoni ikatoa povu vichwani.

Sasa vifaa. Shoka la kukatia lina kichwa chembamba kwa sababu kazi yake ni kukata nyuzi kwa kukingama. Ukilichanjia linazama halafu linanasa, na nusu ya nguvu yako itaishia kulinasua. Tafuta shoka la kuchanjia, lenye kichwa kinene cha umbo la kabari, kilo 2 hadi 3. Watu hupenda yale mazito ya kilo 3.5 na zaidi wakidhani uzito ndio unaopasua. Kinachopasua zaidi ni kasi ya kichwa, na kwenye joto kali shoka zito litakunyima kasi baada ya dakika kumi. Kama shoka la namna hiyo halipatikani, nunua kabari mbili za chuma. Nyundo unayo tayari. Kabari mbili, siyo moja, kwa sababu ya kwanza itanasa na utahitaji ya pili kuitoa.

Kabari usiipige kwa kisogo cha shoka. Tundu la mpini hupanuka au kupasuka, na vipande vya chuma huruka kama risasi. Kabari ikishaanza kuchanua kichwani kama uyoga, zile kingo ziondoe kwa tupa kabla ya pigo jingine. Miwani ya kinga ivaliwe na anayepiga na yeyote aliye karibu, hata kama inajaa jasho.

Kigogo cha kuchanjia kiwe na kimo cha sentimita 30 hadi 40 na kiwe kipana kuliko pingili. Weka pingili kwenye ukingo wa mbali, siyo ukingo ulio karibu na miguu yako. Ukikosea, shoka litatua kwenye kigogo na si kwenye muundi. Miguu iwe sambamba, upana wa mabega, usitangulize mmoja. Nyoosha mikono ukiwa umeshika mwisho wa mpini, makali yaguse katikati ya pingili, halafu rudi nyuma nusu hatua. Shoka linapoteremka, kunja magoti pamoja nalo. Ukibaki umesimama wima, kichwa cha shoka kinachora duara linaloishia miguuni kwako. Ukikunja magoti kinashuka wima.

Kabla ya kupiga, isome pingili. Kichwani utaona nyufa ndogo zinazotoka moyoni kuelekea kwenye gome. Piga juu ya mojawapo, iliyo mbali na mafundo. Pingili ya chini ya sentimita 30 unaweza kuipasua katikati. Zile za 50 usizipige katikati kabisa, zimenye pembeni: anzia sentimita 8 au 10 kutoka kwenye gome, toa bapa, zungusha, toa jingine, mpaka ubaki na moyo wa mraba. Moyo huo ukikataa, usiupigie kelele. Uweke kando wa kabari.

Ile yenye mafundo mengi, geuza fundo liwe upande wa chini na upige mahali ambapo mpasuko utapita kando yake. Mahali mti ulipogawanyika panda, simamisha upande wa shina juu, utaona mioyo miwili ikianza kutengana. Piga kwenye mstari unaoiunganisha hiyo mioyo, siyo kati yake kwa kukingama. Kama zipo chache, tumia msumeno tu, heshima haipotei.

Fundi Mpini

Nakubaliana na Shoka Butu. Naongeza la mpini, kwa sababu joto linamgusa mpini kabla halijamgusa mtu.

Mpini wa mti ukiachwa juani husinyaa na kichwa cha shoka huanza kucheza. Jaribu kila asubuhi: shika shoka kichwa kikiwa juu, gonga kitako cha mpini kwenye kigogo mara tatu, kisha tazama kama kichwa kimesogea. Hata milimita moja inatosha kulisimamisha shoka hilo kazi.

Dawa ya wengi ni kuliloweka kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Kesho yake limebana kweli. Lakini mti uliovimba ndani ya tundu la chuma hauna pa kwenda, kwa hiyo nyuzi zake zinajisaga zenyewe, na ukikauka tena unakuwa mwembamba kuliko mwanzo. Keshokutwa linacheza zaidi ya lilivyokuwa. Suluhisho ni kuigongelea ndani zaidi kabari ya mpini, au kuongeza kabari ya pili ya mti mgumu, kisha kukinywesha kichwa cha mpini mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta haya yanaganda ndani ya mti, hayatoki kama maji. Tahadhari moja: kitambaa ulichopakia mafuta ya kitani usikikunje na kukitupa pembeni. Mafuta yanapoganda hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe, sembuse kwenye nyuzi 34. Kitandaze nje kikauke, au kitumbukize kwenye maji.

Mikono ikilowa jasho mpini unateleza. Futa kwa kitambaa kikavu, au sugua viganja kwa udongo mkavu. Jivu wanalotumia wengine lina magadi: likichanganyika na jasho linachubua ngozi, na kwenye malengelenge linawasha vibaya sana. Glavu ni za wabebaji na wapangaji. Mchanjaji akipenda avae ya mkono wa chini tu, kwa kuwa mkono wa juu unatakiwa kuteleza kwenye mpini wakati shoka linashuka.

Shoka liwekwe kivulini wakati wa mapumziko, limelala, makali yakiwa yamechomekwa kwenye gogo au yamevikwa ala. Kuliegemeza ukutani penye watoto hapana.

Bi Tita

Salamu kwa bibi yao watoto kwanza. Nianze na watu kabla ya kuni.

Chora duara kuzunguka kigogo kwa chokaa, nusu kipenyo mita 4. Ndani ya duara ni mchanjaji peke yake. Anayetaka kuingia anaita, anasubiri shoka liwekwe chini, ndipo aingie. Kipande kinaweza kuruka mita mbili au tatu kwa urahisi, na kichwa cha shoka kikichomoka kinaenda mbali kuliko hapo, kwa hiyo watoto wasikae mbele wala nyuma ya mchanjaji hata wakiwa nje ya duara. Wakae ubavuni, mbali. Mchanjaji akimaliza pingili nne au tano, anaweka shoka chini, anasema "beba", wabebaji wanaingia na kutoka. Kazi iende kwa mafungu namna hiyo. Kuchanja na kubeba kwa wakati mmoja ndiko kunakoleta ajali.

Binti wa miaka 9 anabeba kipande kimoja kimoja, visivyozidi kilo 2, na kuokota vibanzi kwenye kapu. Vibanzi ni mali, ndivyo vitakavyowashia moto, na vikiachwa chini vinatelezesha. Kijana wa miaka 14 ni mpangaji. Akitaka kushika shoka, apewe zile nyembamba zisizo na fundo, saa ya kwanza ya asubuhi, mtu mzima akiwa amesimama kando na hafanyi kitu kingine. Bibi akae kivulini atenge: nyembamba, nene, zenye mafundo. Na yeye ndiye mwenye amri ya kusema pumzikeni. Mchanjaji haoni uso wake mwenyewe, bibi anauona.

Sasa upangaji. Mita 3 za ujazo ulizokadiria ni safu moja ya urefu wa mita 6, kimo mita 1.2, na upana wa sentimita 40, yaani urefu wa kuni yenyewe. Usipange safu mbili zilizogusana mgongo kwa mgongo, katikati hapatakauka. Kimo kisizidi mara tatu ya upana, hivyo 1.2 ndiyo kikomo chako, na kwenye nyumba yenye watoto hata mita 1 ni sawa, utaongeza tu urefu wa safu.

Zikiwa mbichi, safu hiyo itakuwa na uzito wa karibu tani 2, yaani kilo 300 na kitu kwa kila mita. Kwa hiyo tako la rundo si la kubahatisha. Laza fito mbili nene, sambamba, zikiwa zimeachana sentimita 25, juu ya mawe bapa au matofali kila baada ya mita 1. Kuni ya chini kabisa iwe juu ya ardhi kwa sentimita 10 hadi 15. Hapo upepo unapita chini, na mchwa hawezi kupanda bila kujenga njia ya udongo juu ya jiwe ambayo utaiona. Kila wiki mbili inama utazame. Ukiiona njia ya udongo, ibomoe. Usinyunyizie sumu ya wadudu kwenye kuni, utaila kwa moshi.

Miisho ya safu ndiyo inayoangusha safu nzima. Pale mwishoni panga mkingamo: tabaka moja la vipande vitatu kwa urefu, tabaka la juu yake vitatu kwa upana, hivyo hivyo hadi juu kama mnara. Chagua vipande vilivyo sawa na vyenye pande bapa kwa ajili ya minara, vilivyopinda vitapata nafasi katikati. Kama hutaki minara, simika nguzo mbili kila mwisho, zizame ardhini sentimita 50.

Mpangaji asilazimishe kubananisha. Watoto hupenda kucheza mchezo wa kujaza kila tundu, na matokeo yake ni ukuta usiopitisha hewa. Mkono usipenye, lakini hewa ipenye. Safu ikatishe njia ya upepo ili upepo upenye usoni na kutokea mgongoni. Ukilazimika kuchagua kati ya mahali penye jua bila upepo na mahali penye upepo bila jua, chagua upepo. Usiegemeze kwenye ukuta wa nyumba. Kwa kipindi hiki cha ukame weka rundo mita 10 kutoka nyumbani, kwa ajili ya moto na pia kwa ajili ya mchwa.

Kivuli

Wenzangu wamemaliza ya shoka na ya rundo, mimi nazungumzia joto tu.

Saa za kazi ni kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4, basi. Jioni, saa 11 hadi saa 12 na nusu, fanyeni kupanga tu, msichanje. Jioni mwili umeshachoka na shabaha imepungua. Kuchanja kunaongeza joto la mwili kutoka ndani, jua linaongeza kutoka nje, na jasho lisipokauka hakuna pa kutokea. Hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, nyuzi 30 zinaweza kuumiza kuliko 36 kavu.

Mwili usiozoea kazi ya jotoni huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea. Siku ya kwanza fanyeni moja ya tano tu ya muda mliopanga, halafu ongezeni moja ya tano kila siku. Kama lengo ni saa tatu, siku ya kwanza ni dakika 35 hadi 40. Watu huidharau siku ya kwanza kwa sababu wanajisikia wana nguvu, na hiyo ndiyo siku inayolaza watu.

Maji: kikombe kimoja, kama mililita 250, kila dakika 15 hadi 20, hata bila kiu. Msinywe zaidi ya lita 1.5 kwa saa. Maji mengi kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, nayo ni hatari ya aina yake. Chumvi ya chakula cha kawaida inawatosha wengi, kwa hiyo kuleni kabla ya kuanza, msichanje na chai kavu tumboni. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, mmechelewa kunywa.

Kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza, jasho jingi na ngozi baridi: huyo kazi yake imeisha leo. Kivuli, alegeze nguo, anywe kidogo kidogo. Mchanganyiko wa nyumbani ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, siyo vya kurundika. Akianza kuongea ovyo, kuyumba, kupoteza fahamu au kutetemeka kwa degedege, hicho ni kiharusi cha joto, joto la mwili limefika nyuzi 40 au zaidi. Msisubiri ngozi ikauke ndipo mwamini, kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi jasho linaweza kuendelea kutoka. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, wekeni vitambaa vya baridi shingoni, makwapani na kinenani, na mtu mmoja atafute usafiri wa hospitali palepale. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu.

Watoto na wazee hulemewa upesi kuliko nyie. Binti wa miaka 9 hatasema amechoka kama anaona kazi ni mchezo. Mpeni dakika 20 za kazi, 20 za kivuli.

Na kanuni moja ya mchanjaji: mapigo matatu mfululizo yakikosa pale ulipolenga, weka shoka chini. Joto huharibu shabaha kabla hujajisikia kuchoka.

Jiko la Mawe

Mbona mnachosha watu? Funika rundo lote kwa turubai jeusi la nailoni, lichomwe na jua, ndani inakuwa tanuri. Mwezi mmoja tu kuni kavu.

Bi Tita

Jiko la Mawe, tanuri lisilo na tundu ni sufuria yenye kifuniko. Mchana maji yanatoka kwenye kuni kweli, usiku nailoni inapoa, mvuke unageuka matone na kurudi palepale ulipotoka. Baada ya wiki tatu fungua utazame vile vidoa vyeupe na vya kijani, unuse. Njia hiyo inafanya kazi kama umeacha mwanya chini kote na mwingine juu kabisa, hewa ya moto ipande itoke na nyingine iingie. Bila hivyo unalea ukungu.

Kufunika ni juu tu. Bati au kipande cha turubai kinachoning'inia sentimita 10 kila upande, kimeinuliwa kwa vijiti kisiguse kuni moja kwa moja, kimegandamizwa kwa mawe. Pande zote nne ziachwe wazi.

Baba Wawili

Ahsanteni sana, nimenakili yote. Yamebaki haya. Kwanza, shoka jipya limepatikana, la kilo 2.5, lakini kwenye ule mti mwekundu bado linanasa. Pili, vipande vinaruka huku na huku, nusu ya muda unaishia kuinama na kusimamisha upya. Tatu, gome liangalie juu au chini? Kila mtu hapa nyumbani ana lake.

Shoka Butu

Likinasa usilitikise kushoto na kulia, hapo ndipo mipini inapovunjikia shingoni. Piga kitako cha mpini kwa kiganja kuelekea chini, kichwa kitainuka kidogo na kulegea. Likigoma, piga kabari ya chuma kwenye ufa uleule, sentimita 10 mbele ya shoka, ufa ukipanuka shoka linajiachia. Na tazama unapopiga. Kichwa kinanasa zaidi ukipiga katikati ya pingili nene kwa sababu pande zote mbili zinalibana. Pembeni upande mmoja ni mwembamba, unanyumbuka na kuachia.

Makali pia. Shoka la kuchanjia halihitaji kuwa wembe, wembe unazama na kunasa. Linahitaji kuwa safi, bila pengo, ukigusa kwa kidole uhisi kingo lakini isikate. Kulinoa kwa tupa mara tatu nne kila upande asubuhi kunatosha.

Kuhusu kuruka: tafuta tairi kuukuu la gari dogo, lifunge juu ya kigogo kwa skrubu nne ndefu zenye vishikizo vya bati. Simamisha pingili ndani ya tairi, au mbili tatu nyembamba kwa pamoja, uchanje ukizunguka wewe badala ya kuizungusha pingili. Vipande vyote vinabaki vimesimama ndani ya tairi, hakuna kuinama, na mpini ukikosa unatua kwenye mpira badala ya ukingo wa mti. Toboa matundu manne upande wa chini wa tairi maji ya mvua yatoke, la sivyo umefuga mbu.

Bi Tita

Gome: kama rundo halina kifuniko, lile tabaka la juu kabisa gome liangalie juu, limwage mvua kama kigae. Kwa tabaka nyingine zote, na kwa rundo lenye bati, haibadilishi kitu cha maana. Waache wabishane, kazi inaenda upesi watu wakibishana kidogo.

La muhimu zaidi ni unene. Kwa jiko dogo la kuni chanja za sentimita 5 hadi 8, kwa moto mkubwa 10 hadi 15 basi. Kila unapoongeza unene unaongeza miezi.

Baba Wawili

Na nitajuaje zimekauka? Ninaona mkaratusi umeshapasuka vichwani baada ya siku nne tu, jirani anasema ziko tayari.

Fundi Mpini

Hazijawa tayari. Kwenye joto kali nyufa za vichwani ni mashahidi wa uongo: kichwa kimekauka kwa siku nne, sentimita 5 ndani bado kuna maji ya siku ya kuangushwa. Mti mbichi mara nyingi una maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, na unataka yashuke chini ya asilimia 20. Kila kilo ya maji iliyobaki ndani itakula karibu megajuli 2.6 za moto wako ili igeuke mvuke, wakati kilo nzima ya mti mkavu kabisa inatoa kama 18 au 19. Hasara kubwa zaidi ni kwamba moto unapoa, gesi za mti haziungui zote, zinatoka kama moshi na kuganda dohani.

Ukiwa na kipima unyevu, usipime nje wala kichwani. Chukua kipande, kichanje upya, pima kwenye uso mpya katikati, sindano zikifuata nyuzi. Bila kipima, tumia mizani. Chagua vipande vitano kutoka sehemu tofauti za safu, viandike namba kwa kalamu ya rangi, pima kila kimoja siku ya kwanza na uandike uzito juu yake. Pima tena kila wiki mbili. Mwanzoni uzito utashuka haraka hadi ushangae, baadaye taratibu. Ukiona vipimo viwili mfululizo havijabadilika, kuni zimemaliza kutoa zilichoweza kutoa kwa hali ya hewa hiyo. Hiyo ni kazi nzuri ya binti, apewe daftari lake.

Kugonganisha vipande viwili pia kunasaidia: vikavu vinalia kwa sauti kali ya juu, vibichi vinalia bu. Kwa joto na upepo mlio nao, kuni laini za unene wa sentimita 8 huchukua miezi 2 hadi 3, huo mti mwekundu mzito mpe 6 au zaidi. Pangeni safu tofauti, au tia alama mpaka ulipo, msichanganye.

Kivuli

Mnapokwenda kuchukua kuni baada ya miezi hiyo, mtoto asitie mkono kwenye tundu asiloliona. Rundo lenye kivuli na upepo ni nyumba nzuri ya nge, tandu na nyoka. Chukueni kuanzia juu kwenda chini, mwisho mmoja kuelekea mwingine, glavu mkononi, na gonga kipande kabla ya kukiinua.

Bi Tita

Halafu msishangae safu ikianza kuegemea. Upande unaopigwa na jua unakauka na kusinyaa kwanza, kwa hiyo safu inainamia upande huo. Baada ya wiki mbili na tena baada ya mwezi, simama mwisho wa safu, funga jicho moja, tazama kama uso wake umenyooka. Ikiwa imeinama chini ya upana wa kiganja, chukua kipande kinene, gongea vichwa vilivyotokeza virudi ndani, ukianzia tabaka la juu. Imezidi hapo, usiegemeze mti ukadhani umemaliza. Watoto wakae mbali, shusha nusu ya juu ya eneo hilo na uipange upya. Ni kazi ya dakika 20, fanyeni saa 12 asubuhi kabla jua halijapanda.